Ng'ombe Wawili wa Kilangala, na Mimi wa Tatu

Dada Zuhura, shikamoo. Huku Kilangala jua linakaanga, na shati langu zima linanuka mabibo.

Mwenyeji wangu, Bi Somoe, ana ng'ombe wawili: chotara wa Friziani na mmoja wa kienyeji. Leo asubuhi alitaka kumuuza chotara, eti amekonda tangu azae, lazima anaumwa. Mimi, daktari wa mifugo, nikawapima wote wawili kwa ile mashine ya kupima sukari uliyonifungia mzigoni nijipime mwenyewe, kisha nikaanza kuhutubia. Nikamwambia Friziani akizaa, insulini yake, ile homoni inayoweka sukari mwilini, hushuka, sukari yote ikakimbilia kwenye kiwele, ndiyo maana anakonda huku anajaza ndoo. Wa kienyeji huiweka mwilini, basi maziwa ni kikombe na nundu ni kilima. Hayo nayasema kitumbua kikiwa mdomoni, na chai imetiwa sukari tangu kwenye chupa, maana kumkatalia mwenyeji ni aibu.

Bi Somoe akalitazama tumbo langu. "Haya baba, simuuzi. Na sukari yako wewe inakwenda wapi?" Akanishika kidole, akakichoma kwa kisindano cha ile mashine.

Namba iliyotoka sikuisoma kwa sauti. Jioni ameniletea chai isiyo na sukari, nikainywa kama dawa ya minyoo.

Wakumbatie watoto kwa niaba yangu, waambie mjomba wao ni wa kienyeji halisi. Mungu akuweke, dada, na unitumie kwa basi vijiti vingine vya kupimia. Vile vyako nimewamalizia ng'ombe, na cha mwisho kilimpata mwenye nundu kuliko wote.

Mdogo wako, Hamisi