Gemu Mpya ya Kuvizia

Malaba, 19 Agosti 1999

Kwako kaka Ojakol,

Mimi na mama tuko sawa, mahindi tumevuna. Kwenye kibanda cha gemu cha Okinyi wameleta sehemu ya nne ya ile gemu yetu ya kuvizia walinzi. Ulisema imekuchosha, kila mara ni kujificha tu. Sasa imebadilika: kuna mama mzee ambaye lazima umvushe mpaka, na anatembea pole pole. Ukimwacha nyuma, unaanza upya. Nilishindwa mara sita. Ya saba tukavuka pamoja.

Jumanne tulikuwa tunauza ndizi kwenye foleni ya malori. Mama alikuona kwenye lori moja, ukainama ndani ya kabini. Akaniambia, "Si yeye, nimemfananisha tu." Jioni akapakua sahani tatu.

Ni mimi dada yako,
Asekenye