Majani ya Januari kwa Vijiti Wako

Shangazi yangu,

Nimeolewa. Najua ungetaka hilo litangulie, basi limetangulia. Ni Elia, yule yule uliyemwita Kijana wa Viatu Safi. Kila asubuhi nikimwona kando yangu nadhani bado naota, nafumba macho tena ili ndoto isikatike.

Tunaishi kwa mama yake, mtaa wa Longbridge. Sikuja na masufuria wala mapazia. Nilikuja na tangi lako la kioo na wale wadudu wako wanaofanana na vijiti, nimelipakata garini juu ya gauni jeupe. Mama mkwe aliwatazama wakiyumba kama majani penye upepo, akasema kwa lafudhi ya kwao, "Bibi-arusi wa wengine wanaleta vyombo. Wetu alileta bijiti." Nilicheka mpaka shela ikanianguka.

Ila kwao bibi harusi hatoki nje wiki ya kwanza. Anapikiwa, anaangaliwa. Nikakaa kama malkia, huku baridi ikiunguza kila kichaka cha blakiberi mtaani, ule mmea wa miiba ambao vijiti hula majani yake, hadi kikawa cheusi. Vijiti wakaacha kuyumba. Mmoja akaanguka, hakuinuka tena. Shangazi, katika vyote ulivyoniachia, ni hao tu wenye uhai. Nilihisi nakuzika mara ya pili.

Elia, kwa mapenzi yake, akaenda kwenye ukumbi wa harusi yetu, akarudi amekumbatia mapambo ya ukutani: majani mabichi yanayong'aa, na waridi. Uso wake wote ulikuwa furaha. Nikasikia sauti yako: "Jani la duka ni la macho. Limepuliziwa dawa, mdudu akila anakufa." Nikambusu, nikayaweka mezani tuyatazame.

Hapo nikaukumbuka mfuko wako. Kila majira ya baridi ulirudi nao kutoka kazini kwako, kile kiwanda cha kufulia kule Nechells, na ndani yake majani yalikuwa mabichi, mfuko wote ukinukia mvuke na sabuni. Sikuwahi kukuuliza uliyachuma wapi. Nikamwambia mama mkwe. Akawatazama vijiti, akanitazama mimi, akaleta kitenge chake akanifunika mpaka puani. "Sasa nani ataona bibi-arusi? Twende."

Tukaenda watatu. Nyuma ya kiwanda kuna bomba linalopumua mvuke wa joto ukutani, na chini yake, kichaka cha blakiberi, kijani kitupu, wakati pande zote kumeganda. Tulisimama ndani ya ukungu ule kama watu walio mawinguni. Elia alichomwa na mwiba, nikamfunga kidole kwa ncha ya kitenge. Kisha nikaona mashina yaliyokatwa zamani, mshazari, kwa mkono wako. Nikayashika.

Tuliyaosha majani kama ulivyonifundisha. Vijiti walianza kula kabla sijafunga tangi. Sasa mama mkwe, kabla hata ya chai, huuliza, "Batoto balikula?"

Pumzika, Shangazi. Baridi ikirudi nitakwenda pale na mkasi wako. Nitakata mshazari, kando ya ulipokata wewe, na mashina mengine nitayaacha yaote.

Binti yako,
mke wa Elia. Ona nilivyoliandika jina langu jipya.