Glasi Nane za Baba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi na watoto, na natumaini kikohozi cha mdogo kimeisha. Sisi huku tupo. Mama anakula kidogo, analala kidogo, na tangu juzi ameanza tena kugombana na kuku wa jirani; shangazi anasema hiyo ni dalili njema. Mimi mwili mzima. Ukiniuliza habari za moyo nitakwambia tangu tumzike baba sisikii kitu. Nafua, napika, naenda kazini, narudi.

Barua yako nimeipata. Umesema unapeleka malalamiko hospitali ili yule muuguzi wa wodi ya wanaume afukuzwe kazi, kwa kuwa alimruhusu baba arudi nyumbani bila kutuelekeza lolote. Umetaka nitie sahihi chini ya yako, kwa vile mimi ndiye niliyekwenda kumchukua. Karatasi iko hapa mezani na sijaisaini. Nitakueleza sababu, ila nivumilie, maana naona hata kuandika ninazungukazunguka.

Kazi yangu unaijua: najaza maji ya kunywa kwenye madumu, nayafunga, nabandika lebo. Bosi wetu, tunayemwita Bwana Lita, ametundika ukutani tangazo alilolitunga mwenyewe. Glasi nane kwa siku kwa kila mtu, mkojo ukiwa wa manjano ujue umeshachelewa, maji huosha figo na kusukuma taka. Miaka sita nimewasomea wateja maneno hayo. Hata wewe nilikukera nayo siku ya harusi yako, ukaniambia nikuache unywe soda yako kwa amani.

Baba aliporudi miguu ilikuwa imevimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nilidhani najua kwamba mwili huvimba kwa kung'ang'ania maji ya zamani pale usipopewa mapya. Nikachukua chupa kubwa ya kazini, nikaichora mistari kwa kalamu ya wino mzito: saa tatu, saa tano, saa saba, hadi jioni. Baba alitania kwamba maisha yake yote alikuwa fundi cherehani, na sasa nimemgeuza tangi. Alikunywa. Miguu ikazidi, nami nikaongeza glasi. Siku ya tano hakuweza tena kulala chali, akawa anakaa kitini anahema kama mtu aliyetoka kupanda ngazi. Kesho yake tulimrudisha hospitali, na daktari akatuambia mapafu yamejaa maji. Mengine unayajua.

Sasa kaka, muuguzi alinielekeza. Alinikalisha kwenye benchi, akaniambia moyo wa baba umechoka kusukuma, kwa hiyo asizidishe lita moja kwa siku, chai na mchuzi vikiwa humohumo. Akanitaka nirudie maneno yake, nikayarudia. Akaniandikia kwenye karatasi. Nilitoka pale namcheka kimoyomoyo, kwamba msomi mzima hajui faida ya maji, nikaikunja ile karatasi nikaitia kwenye mkoba. Nimeiambatisha humu. Mwandiko ni wake na unasomeka vizuri.

Lipo jingine, na hili hata mama hajui. Baba naye alikuwa pale kwenye benchi, akasikia yote. Siku ya kwanza aliishika glasi, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mambo ya maji nayajua mimi, si yule dada. Hakuniuliza tena. Alizimaliza zote, na kila aliponirudishia glasi aliniambia ahsante, mwanangu.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Ukipenda kuja, njoo. Ukipenda kukaa kimya, nitajua umeisoma. Malalamiko yako usiyachane. Lifute tu jina la muuguzi, uandike langu.

Mdogo wako,
Kitinda