Ufunguo Ambao Haujachongwa

Mjukuu wangu Amani,

Pokea salamu za upendo. Huku Merrylands tuko wazima, mama yako yuko kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee kama kawaida. Mimi nahangaika tu: unakula huko Perth?

Unaniuliza kama fundi ang'oe kitasa cha gari lako la Kimarekani, kwa kuwa ufunguo wake wa asili umekatika. Usikubali!

Nikiwa msichana Bukavu, nilivunja ufunguo wa gari kama hilo la baba nikifungulia soda. Fundi wake akataka kung'oa kitasa. Nikakataa. Nikafunga vipande kwenye pindo la kitenge, nikazunguka mafundi mji mzima. Mzee mmoja akanicheka: "Dada, gari limezeeka, wewe unatafuta ufunguo uliozaliwa nalo?"

Nikamwambia, "Na wewe umezeeka, papa. Tukubadilishe kichwa?"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akainama, akatoa kopo la funguo za magari yale yale, ambazo hazijachongwa. Akazilinganisha na vipande vyangu mpaka akapata ufunguo wenye mifereji ileile, akauchonga. Siku hiyo baba aliliwasha gari.

Basi juzi nilimburuta mama yako kwa wachonga funguo mpaka Minto, na ile picha ya vipande uliyonitumia mkononi. Wawili walitikisa kichwa. Wa tatu alikuwa na ufunguo kama huo, haujachongwa.

Nimekufungia ufunguo huo humu kwenye kitambaa cha kitenge. Mpelekee fundi pamoja na vipande vyako auchonge. Akikuambia gari limezeeka, jibu unalo.

Bibi yako anayekuombea