Mchele wa Besimenti

Jumamosi, 25 Oktoba. Asubuhi ukungu, baadaye jua jembamba lisilo na joto. Vioo vya magari yote ya mtaa wetu hapa Beechmont viliamka vimeganda. Nimemkwangulia wifi kioo chake kwa kadi ya zamani ya kazini, maana yeye na baridi yake yote ya Buffalo amekuja bila kitu cha kukwangulia.

Nilicheka peke yangu pale nje. Sikucheka tena mpaka jioni.

Niandike kwa utaratibu, la sivyo nitachanganya.

Mama mkwe yuko kwetu tangu mwanzoni mwa mwezi. Kabla ya hapo aliishi Columbus kwa shemeji yangu mdogo, lakini shemeji na mkewe sasa wote wako zamu ya usiku, na Mama hawezi kubaki peke yake gizani. Hiyo ni hofu aliyotoka nayo Burundi. Kambi ya Tanzania haikuiondoa, na Marekani haijaiondoa. Kwa hiyo lazima ahamie kwa mwanawe mwingine: ama Buffalo kwa wifi yangu Dorika, ambaye ndiye mkubwa wao, ama hapa Louisville kwetu. Dorika ameendesha gari usiku kucha ili leo, baada ya chakula cha mchana, tukae kikao.

Mimi nilitaka abaki. Sijamwambia mtu sababu, naiandika hapa. Mama yangu mzazi alifia kambini nikiwa kidato cha tatu. Sasa nikitoka kiwandani kuna mtu mlangoni ananiuliza kama nimekula.

Kizuizi kilikuwa kimoja, nacho kiko chini ya sakafu yetu.

Mume wangu Elia anatengeneza risasi. Nikiandika hivyo inatisha, na ndivyo Dorika alivyoisikia kwenye simu, akasema mama yake hatalala juu ya risasi. Ukweli wenyewe ni mdogo. Elia huwinda kulungu. Alifundishwa na mzee wa Kimarekani wa kazini kwao, jina lake Rei. Huyo mzee alipoona kila wakitoka kulenga shabaha Elia anainama kuokota maganda yake matupu ya shaba, akamwambia yanaweza kujazwa upya nyumbani, sheria inaruhusu, na yeye mwenyewe amefanya hivyo tangu ujana. Tulipokuwa kwenye nyumba za kupanga za Newburg hapakuwa na nafasi. Tulipopata nyumba hii yenye besimenti, chumba kizima cha chini ya ardhi, kitu cha kwanza alichokileta hakikuwa kochi. Kilikuwa meza nzito ya mbao, na juu yake mashine ya chuma yenye mkono mrefu unaovutwa chini, kama pampu ya maji ya kambini.

Mwanzoni sikushuka kule. Nilikuwa nasimama juu ya ngazi nikimwita aje kula.

Siku niliyoshuka ndiyo siku niliyomwona mume wangu upya.

Elia huyu ambaye soksi zake huwa chini ya kitanda, ambaye hajawahi kujua funguo za gari ziko wapi, pale mezani ni mtu mwingine. Simu huiacha juu. Redio hataki. Kopo moja tu la baruti huwa mezani, mengine yamefungiwa kabatini na ufunguo uko shingoni mwake. Kila ganda hulizungusha mbele ya taa, akitafuta ufa. Hupima baruti kwenye mizani, halafu huipima tena, na kabla ya kuweka vichwa vya risasi huyapanga maganda yote kwenye ubao wenye matundu akayamulikia tochi ndani, moja baada ya jingine, kuona kama baruti ina kimo sawa katika yote. Likimtia shaka moja, humwaga yote na kuanza upya. Sijawahi kumsikia akilalamika kuanza upya.

Mimi kiwandani ni mkaguzi. Kazi yangu ni kutazama vitu vinavyofanana na kukuta kisichofanana. Nimewaona wengi wakikagua huku mawazo yako kwingine. Elia mawazo yake yote yako ndani ya kitundu kile.

Niliwahi kumuuliza anapata nini humo. Akanijibu bila kuinua macho: “Mama Neema, mimi nilibebwa mgongoni nikikimbizwa na hiki kitu. Nimekua sijui ndani mna nini. Kumbe mna vitu vinne tu. Ganda, fataki, baruti, kichwa. Basi.”

Vitu vinne tu. Tangu siku hiyo huwa nashuka na kazi yangu ya kushona, tunakaa kimya wote wawili.

Sasa mchele.

Maganda yaliyopigwa huwa meusi kwa masizi. Kabla ya kujazwa lazima yang'arishwe, na hiyo hufanywa kwa kuyaweka kwenye chombo kinachotikisika chenye kitu kikavu cha kuyasugua. Elia alikuwa na mfuko wa mchele ulioingia wadudu. Akaona badala ya kuutupa, autumie huo. Ulifanya kazi vizuri, maganda yalitoka yaking'aa kama pete. Lakini mchele uliotumika hubeba vumbi la madini ya risasi, na vumbi hilo ni sumu, hasa kwa mtoto. Elia alijua. Aliumimina kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko, akaandika juu kwa Kiingereza usiliwe, akaiweka karibu na mlango wa nyuma ili aipeleke panapopokelewa takataka za namna hiyo.

Alifungia kila kinacholipuka, akasahau kinacholiwa.

Mama hajui kusoma. Na kwa mtu aliyepokea mgao kambini kwa miaka mingi, mchele wa kijivu wenye vumbi si mchele mbaya. Ni mchele ambao haujaoshwa.

Asubuhi, Elia alipokwenda dukani kununua soda za kikao, Mama aliikuta ndoo. Akaupepeta kwenye ungo wake, akauosha mpaka maji yakawa meupe, akaupika kwa maharage. Mimi nilikuwa sebuleni namsuka Neema, binti yetu, na Dorika amelala kochini akipunguza usingizi wa njiani. Nilisikia harufu ya vitunguu, nikafurahi. Nikasema moyoni, leo Mama ametaka kutupikia yeye.

Tulipakua. Tulisali. Neema alikuwa ameinua kijiko.

Elia aliingia kwa mlango wa nyuma na soda mikononi. Nilimwona akitazama ndoo imeoshwa, imegeuzwa juu chini. Akauliza taratibu, “Mchele uliokuwa humu uko wapi?”

Mama akaonyesha sufuria kwa kidevu, kwa fahari. “Mlikuwa mnautupa. Nimeuokoa.”

Soda zilianguka. Elia alivuka jiko akaudaka mkono wa Neema hewani, akapaza sauti ambayo sijaisikia tangu tuoane: “Acha! Msile! Kina sumu!”

Akaichukua sufuria, akaimwaga yote nje kwenye pipa la taka. Akarudi kukusanya sahani.

Inabidi nieleze kidogo kwa atakayesoma hapa na si wa kwetu. Burundi, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, na chupa hufunguliwa ukiitazama. Watu huogopana kwa sumu kuliko kwa panga. Kusema mbele ya wengine kwamba sufuria ya mtu ina sumu ni kumwita mchawi. Na hapa aliyesema ni mtoto wa kiume, na sufuria ni ya mama yake.

Dorika ndiye aliyeanza. “Elia! Umemwita mama mchawi?”

“Dada, ngoja nieleze.”

“Ueleze nini? Mama alikubeba kwenye risasi, leo unamwagia chakula chake kwa sababu ya risasi! Mama, kusanya nguo. Hatukai kikao. Tunaondoka leo leo.”

Neema alikuwa analia akiuliza kwa Kiingereza amefanya nini. Mama alijifuta mikono kwenye kitenge, kidole kwa kidole, akaingia chumbani akafunga mlango.

Nikapiga simu kwa nesi wa kliniki, maana mpishi huonja. Nesi aliuliza mengi, akasema punje chache zilizooshwa si za kututia hofu, ila Jumatatu tumlete Mama apimwe damu, na vyombo vyote tuvioshe vizuri. Nikaviosha vyote, nikatoka jikoni. Nilimkuta Elia amepiga magoti sakafuni nje ya mlango wa chumba, anazungumza na ubao wa mlango.

“Mama, sumu si yako. Ni yangu. Mimi ndiye niliyeitia mchele na mimi ndiye niliyeuacha. Hata label nimeandika ya watu wa kazini, si ya watu wa nyumbani. Jumatatu nampa Rei mashine yote. Sitaki kitu kinachonigombanisha na wewe.”

Hapo nilihisi moyo umepasuka pande mbili. Mashine ikiondoka, najua ni Elia gani atakayebaki juu na ni Elia gani atakayepotea chini. Lakini Mama akiondoka, je?

Mlango ukafunguka.

“Nionyeshe,” Mama akasema.

Tukashuka wote. Mama mbele, ameshika ukuta, Dorika nyuma, mikono kifuani. Elia alifungua kabati, akaeleza kila kitu kama anavyonieleza mimi, bila haraka. Mama akachukua ganda moja tupu, akalinusa.

“Harufu hii naijua,” akasema.

Alilizungusha muda mrefu kwenye taa, kama Elia afanyavyo, na hakuna aliyemfundisha.

“Na hizi za nani?”

“Za kulungu, Mama.”

“Mwaka jana uliwapata wangapi?”

“Mmoja.”

Mama akatazama ubao, matundu yote yamejaa. Akamtazama mwanawe. “Mmoja? Na zote hizi?”

“Nakosa, Mama.”

“Yoo!” Mama akashika kiuno. “Dorika, unamwogopa huyu? Anapima unga wake kama dawa ya mtoto, halafu anakosa!”

Dorika alijizuia akashindwa. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Mimi nikacheka, kisha nikagundua nalia.

Lakini Mama alikuwa hajamaliza. Kicheko kilipokwisha uso wake ulirudi kuwa mgumu. “Risasi nimeziona maisha yangu yote. Hazinishangazi. Nataka kujua kwa nini mchele. Mlikosa kitu kingine?”

“Ulikuwa na wadudu, Mama. Wengine hutumia magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Yanauzwa maduka ya wanyama, ya kulalia sungura.”

“Magunzi yanauzwa?”

“Yanauzwa.”

“Nchi hii!” akasema Mama. “Gunzi linanunuliwa kwa hela, mchele unafanywa kitambaa cha kusugulia. Nenda sasa hivi kanunue magunzi. Mchele usiguswe tena nyumba hii, hata wenye wadudu. Wadudu hutolewa.”

Elia alikwenda. Mama akarudi jikoni, akapika upya, kutoka mfuko mpya, na safari hii alituita sote tutazame anavyoufungua.

Nataka niikumbuke vizuri sehemu hii.

Chakula kilipowekwa mezani, Elia amesharudi, Mama alichukua kijiko ili aonje wa kwanza mbele yetu, kama mtu anavyowafanyia wageni. Ilikuwa haki yake, na ilikuwa adhabu pia, tulijua. Kijiko hakijafika mdomoni, Elia akaweka mkono wake juu ya mkono wa mama yake, akaushusha polepole. Akachota mwenyewe kutoka sufuriani, kabla hajaonja mtu yeyote, akala. Akachota tena. Macho yake yalikuwa mekundu na mchele ulikuwa wa moto, hakungoja upoe.

Mama akamtazama akila. Kisha akageuka kwa Dorika.

“Buffalo kuna theluji nyingi, mwanangu. Magoti yangu hayaiwezi. Nitakuja kiangazi.”

Dorika si mjinga. Alijua si magoti. Alimpangusia mama yake punje ya mchele iliyokuwa begani, akasema, “Sawa, Mama. Kiangazi,” akavuta sahani yake.

Nimeolewa na mtu mwenye subira ya kupima kitu mara mbili, na leo nimejua alikoitoa.

Neema amechora mdomo mkubwa wenye mstari mwekundu katikati, tumeubandika kwenye ndoo ili hata asiyesoma ajue hakiliwi. Mama ameukagua akasema meno yamezidi.

Dorika amelala chumbani kwa Neema, kesho anasali nasi halafu anarudi kwake. Chini Elia amewasha chombo chake na magunzi ya sungura ndani. Mlio wake unapanda sakafuni, shaa, shaa, kama mtu anayepepeta. Mama ameuliza mara moja ni nini, nikamwambia ni magunzi. Akasema, “Hayo sawa,” na muda mfupi baadaye akaanza kukoroma.

Nami naweka kalamu. Saa tano na nusu, nalala.