Kofia ya Nyaya ya Nashoni

Mbeya, Jumanne

Baba yangu Budeba,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima huko Chimala, wewe na bibi. Sisi tuko hai, ila mimi situlii. Nimeshainuka mara tatu kumchungulia mdogo wangu Nashoni hapa wodini na hata ukurasa sijafika nusu.

Nesi Severina anasema mtoto njiti kama mwanao, aliyezaliwa wiki ya thelathini ya mimba, anakuzwa na kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana.

Wiki iliyopita alikuja daktari Liberatus, mtafiti. Alieleza kwamba ubongo wa njiti bado unajiunganisha, sehemu zake zinajifunza kupelekeana habari, kazi ambayo angeifanya tumboni. Wanamvika mtoto kofia ya nyaya akilala, wanasoma habari hizo zinavyopita. Alisema wazi kofia haitibu, na tukikataa atahudumiwa vilevile. Kiswahili cha mama unakijua, nikawa namfasiria kwa Kisukuma. Mama alicheka, akasema huyu hata nywele hana, wameshamletea kofia. Kisha akasema tusubiri, kichwa cha mtoto hakiguswi kabla baba yake hajaulizwa.

Baba, watu watatu wenye makoti meupe walikuwa wananitazama mdomoni. Unajua ninavyokuwa mbele za watu. Nikamwambia daktari mama amekubali. Mama nikamwambia ni matibabu, hayasubiri. Akaweka dole gumba kwenye karatasi yao.

Basi mama akaanza kumlaza Nashoni kitandani, eti kofia imeshamtengeneza, yeye apumzishe mgongo. Jana mtoto alikutwa wa baridi, amepungua gramu arobaini. Nesi akamfokea mama, akamuuliza kama amemchoka mwanawe. Mama hakuelewa, akanigeukia nimfasirie. Nikakimbilia nje.

Leo asubuhi nimewaambia yote, yeye na daktari. Daktari hakugomba, alisema watavifuta vipimo walivyosoma, na hawatamvika tena kofia mpaka wazazi wenyewe waseme, na atatafuta mkalimani mtu mzima. Mama amemrudisha Nashoni kifuani, kamfunga kwa kitenge, na joto limepanda. Mimi hanisemeshi. Akitaka maji anamwomba mama wa kitanda cha pili kwa ishara.

Kwenye simu ningeshindwa kusema haya, ndiyo maana nampa Charles wa lori la mchele barua hii akuletee. Nakuomba umpigie nesi, uongee na mama mwenyewe. Ukiikubali kofia au ukiikataa, mwambie yeye. Usipitie kwangu.

Msalimie bibi, lakini haya usimsomee.

Mwanao niliyekosa,
Esther