Radhi za Jumla na Opor ya Pakiti

Jumatatu, 1 Aprili

Itangazwe kwa wakazi wote wa mji wetu wa Klaten, walio macho na waliolala: mimi, Purwadi, mwalimu wa jiografia, miaka hamsini na mitatu, kitambi kimoja, nimeteuliwa leo na mkuu wa shule kuandaa ubao wa ukutani uitwao "Salamu na Vyakula vya Sikukuu kwa Majirani Zetu". Mizinga haikupigwa. Nilikabidhiwa gundi na karatasi nne za manila.

Nimeanza palepale. Wafilipino: Krismasi njema, na keki ya mchele iliyookwa juu ya jani la mgomba. Wavietinamu: heri ya mwaka mpya, na wali wa kunata uliofungwa majani, unachemshwa kutwa nzima. Wachina wa Singapuri: upate utajiri! — huku wanarusha kachumbari ya samaki mbichi juu kwa vijiti, na anayerusha juu zaidi ndiye mwenye bahati. Kila mtu anamtakia mwenzake jema fulani.

Halafu nikafika kwetu. Sisi siku ya Idi tunasemaje? Nisamehe, ya nje na ya ndani. Wamalaysia hivyohivyo. Wenzetu wanatakiana heri, sisi tunaombana radhi. Eti ndiyo salamu!

Nilibaki nimeshika gundi mpaka ikanikaukia vidoleni. Nimebandua hadi magharibi. Kinyaa kitupu.

Alhamisi, 4 Aprili

Mjomba Tarjo kaandika kwenye kundi la simu la ukoo: mwaka huu opor itatoka dukani. Opor! Kuku wa tui la nazi, roho ya Idi — wa pakiti! Sababu tunaijua wote. Mwaka jana alipika Dada Wuryani, watu kumi na mmoja wakaharisha, Mjomba akiwa wa kwanza. "Safari hii," kaandika, "tule tukiwa karibu na wageni, si karibu na choo." Na kama wote tukiridhika, Jumapili ya mkutano wa ukoo tupitishe iwe hivyo kila mwaka.

Vichwa vya kucheka ishirini na vitatu. Kimoja changu.

Dada kaishika sufuria ile miaka kumi na tisa, tangu mikono ya Mama ilipoanza kutetemeka. Hakubishana. Alituma kidole gumba. Basi.

Endah, mke wangu, kaleta pakiti moja tuionje baada ya kufuturu. Rangi ya chokaa ya ukutani. Juu utando wa mafuta, chini vumbi ambalo halijayeyuka. Kuku mwenyewe anateleza mdomoni kama sabuni iliyosahaulika majini. Nimetema kwenye kitambaa.

"Unakunja uso kama umelamba betri," Endah kasema. "Si leo hii tu ulikuwa unacheka nao?"

Lipo jambo nalijua kuhusu sufuria ya mwaka jana. Nalijua peke yangu. Kosa halikuwa la Dada. Leo siandiki zaidi, mkono umechoka. — Uongo. Haujachoka.

Jumatatu, 8 Aprili

Salamu zimefunguliwa kama bomba lililopasuka. Mganga wa meno ananiomba radhi ya nje na ya ndani. Fundi wa matairi. Mtu aliyeniuzia simu miaka sita iliyopita! Wamenikosea lini hawa? Wote na picha ileile ya ketupat, wali wa vifuko vya makuti, na taa za kijani. Wanarushiana radhi kwa jumla, kama wanamwagia kuku pumba. Inachefua.

Ya Mjomba Tarjo ndiyo kiboko: "Mpendwa WEKA JINA HAPA, kwa unyenyekevu mkubwa naomba radhi..." Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikagundua kwamba asubuhi, kwa uvivu, nilikuwa nimeisambaza ileile kwa watu themanini bila kuisoma. Shemeji kajibu: "Nimekusamehe, Weka Jina Hapa."

Alasiri Dada kapita na vifuko vya ketupat. Bado anasuka mwenyewe, makuti machanga, vidole vinakwenda bila macho. Endah kamuuliza sufuria ataifanyia nini.

"Nimewaahidi bata wa jirani," Dada kasema. "Waogelee. Wao hawaharishi."

Tukacheka. Kisha akaniambia taratibu, Endah alipoingia ndani: "Zilikuwa nazi, Pur. Nilibadilisha muuzaji. Mwaka mzima naziwaza nazi zile. Nilipozivunja zilinuka vizuri, wallahi. Au pua yangu imezeeka?"

Nikamwambia pua yake haina neno.

Hilo tu! Mwanamume mzima. Nimejitazama kwenye kioo wakati wa kutawadha, nikataka kumtemea yule mzee wa ndani.

Jumatano, 10 Aprili

Idi.

Nyumba saba. Opor ya pakiti nyumba tano. Wametoka msikitini na manukato, wamevaa batiki mpya, wanakupakulia maji ya rojo na kukusimamia: "Kula, Mwalimu, usione haya." Biskuti za jamu ya nanasi zimenikwama kooni, tamu hadi meno yanalia. Kila mtu ananishika mikono miwili. Ya nje na ya ndani, ya nje na ya ndani. Viganja vyote vina mafuta.

Lakini si hayo. Niandike.

Kwa Mama tulipiga magoti kama kawaida, mdogo kwa mkubwa. Kwa Mama kwanza. Kisha kwa Dada. Nikaweka paji la uso magotini pake. Sketi yake inanuka makuti mabichi. Nikasema maneno yale, kama nilivyoyasema tangu nina miaka mitano. Nilidhani nitaongeza kitu. Nikayarudia yaleyale.

Akaniweka mkono kichwani. "Nimekusamehe, mdogo wangu, ya nje na ya ndani. Nawe nisamehe mimi. Nilikulisha mchuzi uliochacha mbele ya wakwe zako."

Alilia. Kidogo. Alifuta kwa ncha ya mtandio.

Na mimi nikasema — mkono huu ulioandika ubao wa salamu za mataifa — nikasema: "Nimekusamehe, Dada."

NIMEKUSAMEHE!

Nimetapika saa tisa. Endah analaumu pakiti.

Jumapili, 14 Aprili

Naandika chumbani kwangu. Mkutano wa ukoo mwaka huu ni kwetu, watu arobaini na kitu wako ukumbini na barazani, wanacheka. Wananicheka mimi. Nimesema nakuja kutafuta miwani. Miwani iko puani.

Ilikuwa hivi. Mjomba Tarjo alisimama, akauliza kama tumekubaliana na pakiti daima dumu. Mikono ikaanza kupanda. Dada alikuwa wa pili kuinua. Kisha Mjomba akaniita nitoe salamu ya radhi kwa niaba ya wadogo wote. Kazi yangu kila mwaka, kwa sababu nachekesha.

Nikasimama. Nikasema sufuria ya mwaka jana niliiharibu mimi. Siku ya mkesha, alasiri, Dada alimaliza kupika, akanisisitizia: usifunike ingali ya moto, ikipoa uichemshe tena baada ya isha. Nikaona nzi. Nikafunika. Nikaenda barabarani kutazama ngoma. Sikuchemsha.

Mjomba akapasuka kwa kicheko: "Mwalimu jamani! Anambebea dada yake msalaba — mpaka nzi kawatia kwenye hadithi!" Wakaangua kicheko wote. Shemeji akapiga makofi: "Weka Jina Hapa huyo!" Mama hakusikia vizuri, akacheka kwa kuwa watu wanacheka. Nikasema nasema kweli. Wakazidi. Ndivyo nilivyowalea, miaka thelathini ya mizaha. Nani ataniamini leo?

Dada hakucheka. Alikuwa ameshika sahani, akaiweka chini. Akaja karibu, akaniuliza kwa sauti ya jikoni, sauti ya mtu anayetafuta chumvi:

"Na asubuhi, Pur. Ulipoipasha. Uliionja?"

Ndipo nikakumbuka miwani.

Yuko nje ya mlango sasa. Hagongi. Naziona kandambili zake chini ya mlango. Mjomba anapaza sauti huko, anauliza kama kura imepita au vipi.

Ukweli ni huu, na niuandike kabla sijafungua. Alfajiri ile ya mwaka jana, kabla ya sala ya Idi, nilifunua sufuria, nikaona povu. Nikaonja. Mchuzi ulikuwa umeanza kuchacha, uchachu wa kukwaruza pembeni mwa ulimi, hakuna mtu ambaye asingeujua. Ningeweza kumwamsha Dada. Kuku walikuwepo bandani, saa zilikuwepo. Nikaona haya. Nikaondoa povu, nikatia vijiko vitatu vya sukari, nikakoroga mpaka harufu ikalala, na yeye alipoingia na mtandio wake mpya, amefurahi, nikamkabidhi upawa.